Ibn al-Haytham na Nukta Nyekundu Niliyoichagua Mimi



Ndugu msomaji, makala haya nilipaswa kuyaandika tangu Ramadhani iliyopita, lakini aibu ilinizuia. Leo nayaandika kwa sababu mbili. Kwanza, ninamdai mtu mmoja haki yake kwa kuwa nilimkosea mbele za watu, na msamaha wa faraghani hautoshi kwa kosa la hadharani. Pili, nimegundua kwamba mwanachuoni ambaye maisha yake niliyakariri kwa ajili ya mtihani alikwisha kunionya kuhusu kosa hilo miaka elfu moja kabla sijalifanya.

Ramadhani ile nilikuwa katika kamati ya futari ya jumuiya yetu. Kwa mara ya kwanza tuliacha daftari tukatumia programu ya simu, iliyotengenezwa na ndugu zetu wawili wanaosoma kompyuta. Mwanafunzi anajaza jina lake kabla ya adhuhuri, kamati inathibitisha, kisha mbele ya jina inatokea nukta. Nukta ya kijani maana yake sahani yako ipo. Nukta nyekundu maana yake hujathibitishwa, rudia kujaza. Kazi ya kuchagua rangi nilipewa mimi. Walinitania kwamba msomi wa dini hajui kompyuta, basi walau achague rangi. Nilichagua kwa dakika tano. Maandishi niliyaweka kijani hafifu juu ya nyeupe, kwa kuwa kijani ndiyo rangi tunayoipenda Waislamu. Nukta nikaziweka kijani na nyekundu, kama taa za barabarani mjini Kampala.

Wiki ya kwanza, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza alipanga foleni siku tatu, na siku zote tatu hakuwa na sahani. Siku ya tatu mgawaji nilikuwa mimi. Nilichukua simu yake, nikamwonyesha nukta, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mtu anayeona nyekundu na bado anapanga foleni anatafuta cha bure. Hakunijibu. Aliondoka akafuturu tende na maji chumbani kwake. Baada ya tarawehe mwenzake wa chumba alinivuta pembeni akanieleza kwamba kwa macho ya ndugu yule kijani na nyekundu ni rangi moja iliyofifia. Amezaliwa hivyo. Siku zote tatu aliona nukta mbele ya jina lake, akaamini sahani yake ipo.

Nilikwenda kumwomba radhi usiku uleule, naye akanisamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini sikulala. Katika somo la historia ya elimu katika Uislamu tulikuwa tumefika kwa Ibn al-Haytham, bingwa wa elimu ya mwanga na uonaji. Nilifungua madaftari yangu kwa ajili ya mtihani, nikajikuta nasoma habari za nukta yangu.

Kijana wa Basra

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Watu wa Ulaya walimwita Alhazen, kwa kulipinda jina lake la al-Hasan. Basra ya wakati ule ilikuwa mji wa biashara na elimu. Vitabu vya Wagiriki vilikuwa vimekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu, na kijana mwenye hamu aliweza kumsoma Euclid katika hesabu za maumbo, Ptolemy katika nyota na Galen katika tiba bila kutoka Iraq.

Al-Hasan alivisoma vyote hivyo. Wanahistoria wa zamani wanaorodhesha kwa jina lake vitabu na risala zaidi ya 90, vya hesabu, nyota, mwanga, na hata namna ya kuutafuta kwa hesabu upande wa qibla. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba elimu hii ilikuwa nje ya maisha ya Muislamu. Aliyepima mwanga ndiye huyohuyo aliyepima qibla.

Mto Nile na Khalifa

Habari mashuhuri zaidi ya maisha yake inasimuliwa na Ibn al-Qifti, aliyeandika karibu miaka mia mbili baadaye. Anasimulia kwamba Ibn al-Haytham alisema angekuwa Misri angefanya kazi katika mto Nile ili watu wanufaike nao wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Maneno hayo yakamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Cairo tangu mwaka 996, mtu aliyependa elimu na kuanzisha nyumba ya elimu mjini humo, lakini ambaye hasira zake hazikutabirika na watu wengi waliuawa kwa amri yake. Al-Hakim akamwita, akampokea kwa heshima, akampa watu na vifaa.

Ibn al-Haytham akapanda mto kuelekea kusini hadi karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyopimwa kwa ustadi mkubwa. Akajiuliza: watu waliojenga haya, kama kuuzuia mto huu kungewezekana, wangeshindwaje wao? Alipofika kwenye maporomoko akaona kwamba mpango wake haufai. Akarudi Cairo, akakiri mbele ya khalifa kwamba amekosea.

Hapa nilisimama kidogo katika kusoma. Mimi nilimkosea mwanafunzi mwenzangu juu ya sahani ya posho na maharage, na kukiri kwangu kulikuwa faraghani, usiku. Yeye alikiri mbele ya mtawala aliyeweza kumkata kichwa.

Al-Hakim alimpa kazi ya ofisini. Ibn al-Haytham aliogopa kuikataa na aliogopa kuifanya, basi akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa na kuwekwa chini ya msimamizi, naye akafungiwa nyumbani. Alikaa hivyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijria, yaani 1021. Hapo akili yake ikarudi, akahamia karibu na msikiti wa al-Azhar. Ibn al-Qifti anasema aliishi kwa kunakili vitabu vya hesabu kwa mkono, vitabu vitatu kwa mwaka, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha chakula cha mwaka mzima. Akafariki Cairo mnamo mwaka 430 Hijria, karibu na 1040 Miladia.

Chumba cha giza

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Manazir, kitabu cha uonaji, chenye sehemu saba. Wengi hupenda kusema alikiandika kifungoni, na wapo wachunguzi wanaokiweka baada ya kuachiliwa. Vyovyote iwavyo, ni kazi ya nusu ya kwanza ya karne ya 11.

Kabla yake watu walikuwa na kauli mbili kuu. Euclid na Ptolemy waliona kwamba jicho linatoa miali inayokwenda kukigusa kitu, kama kipofu anavyogusa kwa fimbo. Wafuasi wa Aristotle walisema sura ya kitu ndiyo inayokuja jichoni. Ibn al-Haytham hakuchagua upande kwa kupenda jina la mwalimu. Aliangalia. Ukitazama jua, jicho linauma, na ukilifumba bado unauona mwanga ule. Basi kuna kitu kinachoingia. Akasema kwamba kutoka katika kila nukta ya kitu chenye mwanga, mwanga na rangi hutoka kwenda kila upande kwa mstari ulionyooka, na vinavyofika jichoni ndivyo tunavyoviona.

Akathibitisha kwa majaribio. Weka taa kadhaa upande mmoja wa tundu dogo, na upande wa pili kiwe chumba cha giza. Ukutani utaona madoa ya mwanga, kwa idadi ya taa. Ziba taa moja, doa lake peke yake litatoweka. Ifunue, litarudi palepale. Miali yote ilipita tundu moja na haikuchanganyika. Msingi huohuo wa giza na tundu ndio ulio ndani ya kamera ya simu uliyonayo mkononi.

Alivyoisoma rangi

Wengi wetu tunaishia kwenye chumba cha giza, na hata daftari langu liliishia hapo. Lakini Ibn al-Haytham aliandika mengi kuhusu rangi, na anayechagua rangi za programu ya simu angefaa kuyasoma kabla ya kugusa kitu. Nataja manne.

La kwanza ni kwamba rangi inahitaji mwanga. Aliona kuwa rangi nzito kama buluu iliyokolea au ile tunayoiita damu ya mzee, zikiwekwa mahali penye mwanga dhaifu, zinaonekana karibu nyeusi. Mwanga ukizidi, zinafunguka. Basi rangi uliyoichagua saa sita mchana si ile atakayoiona mtu anayesoma wakati wa magharibi.

La pili ni ujirani. Alieleza kwamba matone ya rangi moja yakitiwa juu ya kitu cheupe huonekana yamekoza, na yakitiwa juu ya kitu cheusi huonekana yamefunguka, ilhali rangi ni ileile ya chungu kimoja. Kwa hiyo hukumu ya jicho juu ya rangi inategemea majirani zake. Hapa nilikumbuka maandishi yangu ya kijani hafifu juu ya nyeupe. Kijani ile peke yake ilikuwa nzuri. Juu ya nyeupe, kwenye kioo cha simu kilichopigwa na jua, ilikuwa haipo. Dada kadhaa walilalamika kwamba hawaoni pa kujaza, nasi tukawajibu waongeze mwanga wa simu. Wanaotengeneza kurasa za intaneti leo wana kanuni za kimataifa zinazotaka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Kanuni hiyo ina namba mpya, ila jambo lenyewe, kwamba rangi huhukumiwa pamoja na jirani yake, tayari limo katika Kitab al-Manazir.

La tatu ni wakati. Alichukua pia, ule mchezo wa watoto, yenye mistari ya rangi mbalimbali. Ikizungushwa kwa kasi, jicho linaona rangi moja isiyofanana na yoyote kati ya zile. Akaelewa kwamba kuijua rangi kunahitaji muda, hata kama ni mdogo mno. Mtu kwanza anatambua kwamba hapa pana rangi, kisha ndipo anatambua ni rangi gani.

La nne ni kumbukumbu. Huko kutambua ni rangi gani, alisema, kunafanyika kwa kulinganisha na rangi ambazo mtu alikwisha kuziona na kuzihifadhi akilini. Sisi wenye Kiswahili tuna ushahidi wake mdomoni. Manjano ni ile bizari ya jikoni, kijani ni jani, kijivu ni jivu la mekoni, zambarau ni tunda, chungwa ni tunda. Tunaitaja rangi kwa kitu tunachokijua. Sasa, mtu ambaye tangu utoto nyekundu na kijani zimemjia kwa sura moja atalinganisha na nini? Mimi nilimtaka asome maana katika kumbukumbu ambayo hakupewa.

Masharti manane

Sehemu ya tatu ya kitabu chake inahusu makosa ya kuona. Anasema kwamba jicho likikosea, tusikimbilie kulilaumu. Kuona sawasawa kuna masharti manane: umbali wa wastani, kitu kiwe mbele ya mtazamaji, kiwe na mwanga, kiwe na ukubwa wa kutosha, kiwe kizito kiasi kisipenyeke kabisa, hewa iwe safi, muda utoshe, na jicho liwe zima. Sharti moja likipita mpaka wake, kosa hutokea.

Nilichukua karatasi nikaipima kazi yangu kwa masharti hayo. Mwanga: wanafunzi wengi walifungua programu nje, juani. Ukubwa: nukta yangu ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Muda: mtu anatazama huku anakimbilia darasani. Jicho: sikufikiri hata kidogo kwamba yapo macho yasiyo kama yangu. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani. Kwetu Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo katika kila chuo, na wengi wao hunyamaza ili wasichekwe. Kati ya masharti manane nilivunja manne, kisha lawama yote nikamtupia mwenye jicho.

Kuna jambo jingine. Ibn al-Haytham aliona kwamba rangi ina kazi ya pili mbali na kutambulisha. Rangi peke yake inaweza kuifanya nafsi ione uzuri, kama rangi ya waridi na mimea michanga, na ikikaa vibaya inaleta ubaya. Sisi tunaosoma Qur'ani hatuhitaji kwenda mbali. Katika kisa cha ng'ombe wa Bani Israil, katika Suratul Baqara, rangi ya manjano iliyokoza imetajwa pamoja na furaha ya wanaoitazama. Rangi inasema na moyo kabla ya akili. Nyekundu yangu ilisema na mioyo ya watu pia. Baadaye nilisikia kwamba baadhi ya wanafunzi wapya walipoiona walidhani wamekataliwa na jumuiya, wakaacha kabisa kujaza. Mimi nilikusudia kuwaambia tu warudie. Nilitumia rangi ya hatari kwa jambo ambalo halikuwa na hatari yoyote.

Kuwashuku wakubwa, na kujishuku

Ibn al-Haytham aliandika pia kitabu cha kuonyesha makosa ya Ptolemy, aliyekuwa ameheshimiwa kwa zaidi ya miaka mia nane. Katika utangulizi wake anafundisha kwamba mtafuta haki si yule anayesoma vitabu vya waliotangulia na kuwadhania vyema tu, bali ni yule anayeishuku dhana yake juu yao, anayefuata hoja na dalili, na ambaye wakati huohuo anajishuku mwenyewe asije akawaonea wala kuwapendelea. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Wengi wetu tumejifunza kuwashuku wengine. Siku ile kwenye foleni nilimshuku ndugu yangu upesi sana, na sikujishuku mimi hata kwa sekunde moja.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu mwaka 1200, kikasomwa Ulaya kwa karne kadhaa, na mwaka 1572 kikachapishwa mjini Basel. Kwa upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, alikifanyia sherehe ndefu, na kwa kutumia tufe la kioo lililojaa maji akaeleza namna rangi za upinde wa mvua zinavyotokea. Mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa mwanga, dunia iliadhimisha miaka elfu moja ya Kitab al-Manazir. Sura yake imechapwa kwenye noti ya Iraq ya dinari 10,000.

Tulichobadilisha

Kabla ya kumi la pili kumalizika, tuliketi na wale ndugu wawili wa kompyuta, na safari hii tulimwomba ndugu wa mwaka wa kwanza awe nasi. Alikuja, ingawa hakuwa na deni lolote kwetu. Maandishi tukayaweka meusi. Kijani ikabaki juu, kwenye jina la jumuiya, mahali ambapo haimzuii mtu kula. Nukta tuliziondoa. Aliyethibitishwa anaona alama ya vema na maneno yanayomwambia sahani yake ipo. Asiyethibitishwa anaona kisanduku kitupu chenye mpaka mzito na maneno yanayomwomba ajaze tena. Rangi bado zipo, lakini rangi inasaidia maneno, haiyabebi peke yake. Kabla ya kuirudisha programu kwa watu tuliifungua juani nje ya msikiti, kisha tukaifungua magharibi, kisha tukampa yeye simu nasi tukanyamaza. Alisoma majina kumi na hali zake bila kukosea hata moja.

Kuanzia usiku uliofuata alipanga foleni na akapata sahani yake. Jambo hilo ni dogo, na ningependa liwe dogo kweli, yaani liwe la kawaida, kwa kila anayekuja kwetu akiwa na njaa.

Ndugu na dada zangu mnaosoma kompyuta, na nyinyi mnaoandika matangazo ya jumuiya, ratiba za darsa na mabango ya uchaguzi: mkichagua rangi mnachagua ni nani atakayeelewa na ni nani atakayeachwa nje. Na nyinyi wenzangu wa masomo ya dini, tusiwakariri wanazuoni wetu kwa tarehe za kuzaliwa na kufa tu, kisha tukajivuna kwamba Waislamu walitangulia. Ibn al-Haytham alitangulia kwa kukiri alipokosea, na kwa kuuliza mara ya pili kabla ya kulilaumu jicho.

Nawe ndugu yangu wa mwaka wa kwanza, sikutaji jina kwa heshima yako, lakini waliokuwapo kwenye foleni siku ile watajua. Wewe hukutafuta cha bure. Kosa lilikuwa langu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham, atusamehe, na atujaalie macho yanayoona na nyoyo zinazouliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.